Kifaa cha kupuliza kinajua unachochoma, hakijui unachopunguza

Dada yangu anaishi Mengo, Kampala, ana duka la vitenge mjini, na tangu mwaka jana hagusi chai ya asubuhi kabla ya kupuliza. Binti yake aliye ughaibuni alimtumia kifaa kidogo cha kupima umetaboli, yaani namna mwili unavyochoma chakula. Kila alfajiri huvuta pumzi kupitia kifaa hicho, huibana kwa muda, huipuliza polepole, kisha husubiri simu imwambie kama mwili wake unachoma wanga au mafuta. Ada ya mwaka ya programu inayokwenda na kifaa inaisha mwezi ujao, naye ameniuliza: "Mdogo wangu, nilipe tena au niache?" Nimechelewa kumjibu. Kila upande wa swali lake una ukweli, na nawajua wanawake wengi wa Kampala ambao wangetaka kusikia jibu.

Kwanza, kifaa hiki si uganga. Watu wengi hudhani mafuta ya mwili hutoka kwa jasho au chooni. Mwaka 2014, Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu na kuonyesha kwamba mtu akipoteza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka mapafuni kama kabonidayoksaidi, na zinazobaki, 1.6, hutoka kama maji. Kwa hiyo anayetafuta habari za mafuta kwenye pumzi anatafuta mahali panapostahili. Tangu miaka ya 1780, Mfaransa Antoine Lavoisier na mwenzake Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka na hewa aliyotoa mnyama yule, wakaona kwamba kupumua ni aina ya kuungua polepole.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mwili ukichoma wanga, ujazo wa kabonidayoksaidi unaotoka hulingana na ujazo wa oksijeni uliotumika. Uwiano ni 1.0. Ukichoma mafuta, uwiano hushuka hadi karibu 0.7. Katika maabara, mtu hulazwa ametulia, kichwa chake kikafunikwa kwa kuba la plastiki, na mashine hupima hewa zote mbili. Vifaa vya nyumbani vinavyofanana na Lumen, kilichobuniwa Israeli na mapacha Michal na Merav Mor, hupima kabonidayoksaidi peke yake kwenye pumzi iliyobanwa, kisha programu hukadiria yaliyobaki. Ndiyo maana namna ya kupuliza ina uzito. Ukihema haraka kwa sababu umepanda ngazi au una wasiwasi, kabonidayoksaidi kwenye pumzi hupungua hata kama mwili haujabadilisha unachokichoma. Dada alilijua hili baada ya wiki mbili za namba zilizokuwa zikirukaruka.

Faida yake nimeiona kwa macho yangu. Kabla ya kifaa, dada alikuwa akifunga duka, anakwama kwenye foleni ya magari, anafika nyumbani saa nne usiku na kula posho, yaani ugali, na maharagwe sahani nzima. Siku nyingine alianza na rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, pale stendi ya bodaboda, akamalizia na posho nyumbani. Daktari alimwambia, mume wake alimwambia, mimi nilimwambia. Hakuna aliyesikilizwa. Lakini kifaa kilipomwonyesha asubuhi tatu mfululizo kwamba bado anachoma wanga wa jana usiku, alihamisha chakula cha jioni hadi saa moja, akawa anakibeba kwenye kontena na kukila dukani. Namba haikumgombeza, wala haikumlinganisha na mtu yeyote. Ilikuwa yake, ya asubuhi ile, na aliiamini.

Kuna jambo lingine ambalo watengenezaji wa vifaa hivi hawawezi kulijua, ila sisi tunalijua. Uganda, kukonda kuna historia. Ukimwi ulipojitokeza Kasensero, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria katika Rakai, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliuita "slim" kwa sababu ya jinsi ulivyowakausha wagonjwa. Waliozika ndugu zao miaka ile hawajasahau sura hizo. Mpaka leo mwanamke wa makamo akipungua kilo tano, majirani huanza kuulizana chini kwa chini, na shangazi hupiga simu kutoka kijijini: "Mwanangu, unaumwa?" Unene kwetu ulikuwa ushahidi kwamba mtu ana afya na nyumbani kuna chakula, na miongoni mwa Bahima, wafugaji wa magharibi mwa Uganda, bibi harusi alinyweshwa maziwa ili anenepe kabla ya kuolewa. Dada alipoanza kukonda, ile simu yenye grafu ya kila asubuhi ilimpa cha kuonyesha. Aliweza kusema: nimekusudia, si ugonjwa. Wengine watauona huu ni msaada mdogo. Mimi siuoni mdogo hata kidogo.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu ndio mzito zaidi.

Ramadhani iliyopita dada alipuliza kila siku kabla kidogo ya magharibi. Kila siku jibu lilikuwa moja: mafuta, mafuta, mafuta. Alifurahi. Mwezi ulipoisha akapanda mizani na kukuta ameongeza kilo mbili. Alinipigia simu akiwa karibu kulia, akadhani kifaa kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Saa kumi na mbili jioni, baada ya kushinda bila chakula, mwili kweli ulikuwa unachoma mafuta. Lakini baada ya magharibi zilikuja sambusa, mihogo ya nazi, chapati, uji wa sukari, na daku ya matoke kwenye mchuzi wa karanga. Alichochoma mchana kilirudishwa usiku, tena kwa nyongeza. Moshi wa sigiri utakuambia kinachowaka sasa hivi. Hautakuambia gunia la makaa stooni limepungua au limeongezeka.

Wanasayansi wamelipima jambo hili kwa uangalifu kuliko dada yangu. Mwaka 2015, Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa watu wazima 19 wenye unene uliokithiri, waliofungiwa hospitalini ili kila tonge lihesabiwe. Kwa siku sita walipunguziwa asilimia 30 ya kalori kwa kukatwa wanga. Kwa siku nyingine sita walipunguziwa kiasi hichohicho kwa kukatwa mafuta ya chakula. Wanga ulipokatwa, uchomaji wa mafuta uliongezeka, na kifaa cha kupuliza kingewapongeza. Mafuta yalipokatwa, uchomaji haukubadilika, na kifaa kingenyamaza. Lakini mafuta yaliyopotea mwilini yalikuwa gramu 53 kwa siku wanga ulipokatwa, na gramu 89 kwa siku mafuta yalipokatwa. Sababu haihitaji shahada. Ukila mchuzi wa karanga, mwili huchoma mafuta ya karanga. Pumzi haiwezi kutofautisha mafuta yaliyotoka kwenye sufuria na yaliyotoka kiunoni.

Siku sita ni chache, nakubali, na sisemi kwamba kila mtu aache mafuta. Kwa muda mrefu tofauti hiyo huyeyuka. Utafiti wa Christopher Gardner wa Stanford, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuata watu 609 kwa miezi 12: waliopunguza mafuta walipoteza wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, pengo lisilo na maana kitakwimu. Tena walipimwa vinasaba na namna miili yao inavyotoa insulini, na vipimo hivyo havikuweza kutabiri nani angefaidika na mlo upi. Hapo ndipo ahadi ya "mlo ulioandaliwa kwa ajili ya mwili wako" inapoanza kunitia shaka.

Halafu kuna lile neno ambalo dada hupenda kulisema: "Umetaboli wangu umelala tangu nimzae mtoto wa nne." Vifaa hivi huuzwa kwa watu wenye imani hiyo. Mwaka 2021 Herman Pontzer na kundi kubwa la watafiti walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400, wachanga hadi wazee. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hubaki palepale kuanzia miaka 20 hadi 60. Dada ana miaka 47. Umetaboli wake haujalala. Pontzer huyohuyo, mwaka 2012, aliwapima Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaotembea porini kutwa nzima kuwinda na kuchimba mizizi, akakuta kwamba kwa ukubwa wa miili yao hawatumii nishati nyingi kuliko watu wa mijini wa Marekani na Ulaya. Hili lilinishangaza, na linaeleza kitu kuhusu sisi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizochapishwa mwaka 2018 ziliitaja Uganda kuwa na watu wachache kuliko nchi yoyote wasiofanya mazoezi ya kutosha, asilimia 5.5 tu. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 24 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, wanaume asilimia 9. Tunatembea, tunalima, tunabeba, na bado mizani inapanda. Jawabu la sehemu kubwa liko kwenye sahani na kwenye saa ya kula.

Na sahani yetu programu haikuifahamu. Siku ya "wanga kidogo" ilimshauri dada mkate wa unga wa lozi na samaki aina ya samoni. Alipoandika katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na maharagwe au nyama, haikujua ni nini. Ilibidi atafsiri mwenyewe: mayai, dodo (mchicha), mukene (dagaa), parachichi, maharagwe, matoke mawili badala ya sita. Alipofika hapo alikuwa tayari amejifunza kila alichohitaji, na amejifunza kwa kichwa chake.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Kifaa chenyewe ughaibuni ni zaidi ya dola 200, yaani zaidi ya shilingi 700,000, kabla ya usafiri na kodi. Juu yake kuna ada ya programu, na bando la intaneti lenye kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Tena watoto wa nyumbani wote wanataka kupuliza, na mdomo wa plastiki ni mmoja. Wakati wa mafua hilo si jambo la kupuuza.

Lililo la hatari zaidi ni kwa wenye kisukari. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari kama glibenclamide, akikata wanga ghafla kwa sababu simu imemwambia leo ni siku ya wanga kidogo, sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia njiani. Huyo aanze kwa daktari wake, dawa zipangwe upya, ndipo aguse mlo. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu wanaotaka kupunguza uzito na wenye kisukari mara nyingi ni watu walewale.

Kuna wanaosema kwamba kujipima kwa kifaa chochote ni heri kuliko kutojipima. Nilikuwa mmoja wao. Kisha mwaka 2016 chuo kikuu cha Pittsburgh kikatoa matokeo ya vijana 471 waliofuatwa miezi 24, wote wakiwa kwenye mpango wa mlo na mazoezi. Waliovaa kifaa mkononi cha kupima mwendo walipoteza kilo 3.5, waliojiandikia wenyewe bila kifaa hicho walipoteza kilo 5.9. Kile si kifaa cha kupuliza, na sitaki kulazimisha ulinganifu. Lakini namwona dada. Asubuhi kifaa kikisema "mafuta", mchana hujiruhusu soda. Namba nzuri imekuwa ruhusa.

Kwa hiyo nimemjibu hivi. Kwa ambaye hajanunua, ningesema asinunue. Kwa fedha hizo atapata mizani nzuri, mashine ya kupima presha, na chenji itabaki. Kwa yeye ambaye tayari anacho, usajili asilipe, ila ile desturi ya alfajiri asiiache. Saa ileile, kabla ya chai, achukue utepe wa fundi cherehani wa dukani kwake, apime kiuno usawa wa kitovu, aandike kwenye daftari, na pembeni aandike jana alikula saa ngapi. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wake, bado kuna kazi. Yeye ana sentimita 160, na Jumapili tulipopima alikuwa na 94. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama mwezi wa Ramadhani ujao nitakuja kufuturu kwake kila Ijumaa, ili tuwe wawili tunaokataa sambusa ya tatu. Nimekubali.