Leteni Miili Iliyokakamaa

Haipiti wiki bila mtu kuniambia: "Mwalimu, hiyo yoga yenu siiwezi, mwili wangu umekakamaa." Huyo ndiye hasa ninayemtaka darasani.

Mimi nilianza nikiwa siwezi kuinama kuokota mkasi. Miaka kumi na moja ya cherehani ilinikaza kiuno, maumivu yakateremka mguu wa kushoto mpaka kisiginoni. Daktari alinipa dawa na mazoezi ya viungo, nikapata nafuu, na kliniki bado nahudhuria. Kisha rafiki akanipeleka yoga. Mwalimu wa kwanza alinikandamiza mgongo kwa viganja ili kichwa kifike magotini. Nililala siku nne. Nikaapa sirudi.

Kilichonirudisha ni kisa cha B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India. Alizaliwa Bellur, kusini mwa India, mwaka 1918, mafua yakiua watu kwa mamilioni duniani, na utotoni akaandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwaka 1934 alikwenda Mysore kwa shemeji yake Krishnamacharya, mwalimu mkali kwelikweli, akiwa kijana mwembamba asiye na nguvu. Baadaye, akifundisha Pune, alileta darasani viti, mikanda, kamba na matofali ya mbao ili mgonjwa na mzee nao wapate yao. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95.

Mkanda wangu ni khanga. Nalala chali mkekani, naipitisha kwenye unyayo wa kushoto, nashika ncha zote mbili, nainua mguu polepole. Mwanzoni ulipanda kidogo tu ukaanza kutetemeka. Hapo sivuti. Natoa pumzi, nangoja utulie wenyewe. Ilinichukua miezi minane kuokota mkasi bila kushika meza.

Kwa hiyo zinaniuma zile picha za watu waliojikunja kama kamba, eti ndiyo yoga. Zinawafukuza wanaoihitaji kuliko wote: dereva wa daladala, mama anayeinamia karai la maandazi tangu alfajiri. Na mwalimu anayesukuma mgongo wa mtu, hata kwa nia njema, namwomba aondoe mikono. Mwili ulioumia una hofu yake, na hofu haisukumwi.

Jumamosi iliyopita bibi mmoja wa miaka 71 aliketi kwenye kiti cha plastiki, akainua mikono mpaka usawa wa masikio. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," akasema, "bega limeitika."

Akaishusha, akainua tena.