Kijiwe Hakiandikiwi Ajenda

Kila Alhamisi, adhana ya Isha ikishamalizika, tunazima feni. Hapo kila aliyemo chumbani anajua tumeanza kurekodi, maana ile feni ina mlio unaoingia kwenye maiki ukasikika kama mvua inayokuja kwa mbali. Tunafunga dirisha, tunasimamisha godoro ukutani ili sauti isirudi, tunakaa watatu mkekani na maiki moja katikati, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Dar es Salaam mwezi wa pili, chumba kimefungwa na feni imezimwa: dakika ishirini tu shati limeganda mgongoni. Na hapo ndipo, kila wiki, maongezi yanapoanza kukolea.

Maongezi yenyewe ni ya gemu. Nani kacheza nini, nani kakwama wapi, ipi imemkera mpaka akazima, ipi imemkeshesha hadi saa tisa usiku na asubuhi ana kazi. Tulianza kama watu waliokua pamoja Tanga wakakutana tena mjini, na sasa ni podikasti yenye wasikilizaji wake. Si wengi, lakini ni wale wanaotuma ujumbe wa sauti tukichelewa hata siku moja.

Juzi kaka mmoja ninayemheshimu, mtu wa kazi za matangazo, alikisikiliza kipindi chetu kizima, kisha akanipigia. "Mdogo wangu, mna kitu," akasema, "ila mnapotea njia mno. Andikeni mwongozo. Dakika ishirini, gemu moja, alama mwishoni, basi. Hizo stori za pembeni zitoeni. Msikilizaji wa siku hizi hana muda."

Nilimshukuru kwa moyo, maana ni wachache wanaosikiliza kazi ya mtu hadi mwisho kabla ya kuisema. Lakini simkubalii. Nimelifikiria wiki nzima na kila nikilizungusha nafika palepale: zile stori za pembeni ndizo podikasti yenyewe.

Nianze na hilo la muda. Mimi ni fundi simu, Kariakoo. Kubadilisha kioo, kukausha simu iliyoingia maji, kupasha bodi joto ili nitoe kijidude kimoja bila kuunguza majirani zake: macho yako kwenye lenzi, mikono yote miwili ina kazi. Siwezi kutazama video wala kusoma. Kilichobaki ni masikio, na ninakaa mezani saa tisa hadi kumi kwa siku. Mshonaji wa ghorofa ya juu yuko hivyohivyo. Dereva wa lori la Tunduma, mlinzi wa usiku, dada anayekanda unga wa maandazi kabla ya alfajiri, wote wako hivyo. Hawa wana muda mwingi kuliko anavyodhani mtu wa matangazo, na sehemu kubwa ya muda huo ni upweke. Sauti pia haili bando kama video. Mtu anapakua vipindi viwili usiku, siku yake imetosha. Ukimpa dakika ishirini umemwonjesha tu. Ukimpa saa mbili za watu wanaobishana huku wanapendana, umekaa naye.

Na kitu hiki kina jina kwetu tangu zamani. Bara tunakiita kijiwe, pwani ni baraza. Hakuna anayekwenda kijiweni na ajenda. Muuza kahawa anapita, vikombe vinagongana mkononi mwake, stori inaanzia bei ya mchele na kuishia kwenye harusi ya mwaka 1988, na hakuna anayeuliza tumefikaje huku. Mgeni akikaa pembeni, siku ya kwanza hajui wanacheka nini. Baada ya wiki mbili anajua nani mbishi, nani huongeza chumvi, na nani akinyamaza ujue kuna jambo. Kwangu mimi podikasti ya marafiki ni baraza hilohilo, ila mgeni anaweza kukaa hata akiwa Tunduma.

Nililijua hili kwa kusikiliza kabla sijalijua kwa kufanya. Walionifundisha ni Wamarekani, watu wa podikasti ya gemu iitwayo Giant Bombcast. Jeff Gerstmann alikuwa mhariri kwenye tovuti ya gemu ya GameSpot. Novemba 2007 akafukuzwa, muda mfupi baada ya kuipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10, wakati tovuti ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya gemu hiyohiyo. Mwaka 2012 mwenyewe alieleza hadharani kwamba shinikizo la watangazaji lilikuwamo. Baada ya kufukuzwa kwake wenzake kadhaa nao wakaacha kazi pale, mmoja wao Ryan Davis, rafiki yake tangu ujana wao huko California. Mwaka 2008 wakaanzisha Giant Bomb, tovuti yao wenyewe ya gemu, na kila Jumanne wakakaa mezani wakaongea saa mbili, mara nyingine tatu. Ryan ndiye aliyekuwa anafungua, na alifungua kwa kuutangazia ulimwengu kwamba leo ni Jumanne, kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi. Gemu walizungumza, tena kwa kina. Lakini walizungumza pia mieleka, vinywaji vya kuongeza nguvu, vyakula, safari, chochote kilichokuwa moyoni siku hiyo.

Sasa niambieni, watu wale waliaminiwa kwa sababu ya alama? Alama ndiyo iliyomponza mtu akakosa kazi. Waliaminiwa kwa sababu walijulikana. Baada ya miezi mitatu ya kumsikiliza Jeff nilijua kabisa gemu gani itamchosha hata kama ni nzuri, na ipi ataitetea hata kama ni mbovu, na mimi nikajipimia mwenyewe. Huwezi kumjua mtu hivyo kwa alama saba na nusu.

Tarehe 3 Julai 2013 Ryan Davis alifariki, ana miaka 34, siku chache tu baada ya kufunga ndoa. Habari ilitangazwa Jumatatu ya tarehe 8. Kesho yake ilikuwa Jumanne. Wenzake wakakaa mezani wakarekodi, wakamkumbuka rafiki yao mbele ya watu wote waliokuwa wamezoea kumsikia. Mimi kipindi kile nilikikuta miaka kadhaa baadaye, nikiwa kazini, na ilibidi nizime mashine ya hewa ya moto na kuweka koleo chini. Sikuwahi kumwona mtu yule, wala yeye hakujua Kariakoo ni wapi. Lakini nilikuwa nimekaa naye mamia ya saa, nikizijua chuki zake ndogondogo na namna anavyocheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Nilikuwa nimefiwa.

Lile kundi baadaye lilitawanyika. Mwaka 2021 Vinny Caravella, Brad Shoemaker na Alex Navarro waliondoka wakaanzisha Nextlander, podikasti yao wenyewe. Mwaka 2022 Gerstmann naye akaondoka akaanza kipindi chake mwenyewe. Giant Bomb ikapita mikononi mwa wamiliki mbalimbali, hadi Mei 2025 wawili wa waliokuwa wakiifanyia kazi, Jeff Bakalar na Jeff Grubb, walipoinunua ikawa yao. Kila walikoelekea, wasikilizaji waliwafuata na kuchangia kwa pesa zao mfukoni.

Kwa hiyo kampuni moja ya kubeti ilipotuletea ofa ya kusoma tangazo lao, tuliikataa siku ileile, ingawa pesa ilikuwa ya kununua maiki tatu. Anayetusikiliza kama rafiki atalipokea tangazo kama ushauri wa rafiki. Nusu ya vijana wetu bado wako kwenye vibanda vya gemu na hela ya nauli mfukoni. Sitaki kuwa sauti inayowaambia waiweke kwenye mkeka wa kubeti.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni kipindi kimoja. Tulipanga kuzungumzia Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka tarehe 23 Aprili 2024. Imetengenezwa na Surgent Studios, na mwanzilishi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitengeneza akiwa amebeba msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Na unaweza kuchagua sauti za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka yote tumecheza gemu zinazotusemesha Kiingereza na Kijapani, na safari hii mtu kwenye kioo anasema "Baba" kama tunavyosema sisi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na karatasi: vile vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, jinsi unavyobadilisha kimoja na kingine katikati ya pigano, mahali pa kuruka panapochosha, rangi. Nimefika kwenye mambo ya vinyago, mwenye chumba, yule tunayerekodia kwake, akanikata.

"Mimi sikuimaliza," akasema. "Niliweka pedi ya kuchezea chini."

Mzee wake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Tulikwenda naye kuzika Tanga. Tukanyamaza, na kwenye rekodi kimya kile kina sekunde kumi na moja, nimezihesabu. Kisha akaanza kutusimulia. Enzi za kibanda, tulipokuwa tunatoa shilingi 200 kwa mechi kucheza PES 6, gemu ya mpira wa miguu, mzee wake alikuja siku moja kumfuata, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Sisi wengine tulikimbilia nyuma ya kibanda, kwa hiyo hatukuona kilichofuata. Mzee alisimama nyuma ya benchi, kandambili juu, akatazama kioo. Mpira ukapigwa kutoka mbali kabisa ukazama wavuni.

"Huyu nani?" mzee akauliza.

"Adriano, baba."

Aliyewahi kucheza PES 6 anaujua mguu wa kushoto wa Adriano, yule mshambuliaji wa Brazili. Mzee akavaa kandambili yake, akakaa kwenye benchi mpaka mechi ikaisha, ndipo wakarudi nyumbani bila kusemeshana. Kuanzia siku ile, akitaka kumtuma dukani na hakuna mtu karibu, alimwita Adriano. Watu wakiwepo, jina lake la kawaida. Rafiki yetu hakuwahi kutuambia hili kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na tulikuwa tunalala nyumba moja.

Baada ya hapo kila mmoja akaleta wa kwake. Baba wa yule mwingine, aliyekuwa akisema gemu zinaharibu macho, kumbe ndiye aliyeuza redio kumlipia ada. Wa kwangu, yu hai, na nimetoka kumpigia sasa hivi. Vinyago vya Zau tulivirudia saa nzima baadaye, na nadhani tulivizungumza vizuri zaidi, kwa sababu sasa tulijua gemu inatafuta nini.

Ujumbe wa sauti uliofuata ulikuwa mrefu kuliko tulivyozoea. Dereva mmoja alirekodi akiwa kwenye foleni ya mpakani, injini inanguruma nyuma yake. Alimzungumzia marehemu baba yake dakika sita. Mwishoni kabisa, kama mtu aliyesahau kitu mlangoni akarudi, akauliza: "Hiyo gemu ya Kiswahili inacheza kwenye mashine gani?" Alama yangu ingekuwa saba, na sidhani kama saba ingemfanya aulize.

Kaka yangu ana haki kwenye jambo moja, na nimemwambia. Mgeni akifika tunamwacha nje kwa utani wa Tanga ambao hatuuelezi. Hilo tumeanza kulirekebisha, mmoja wetu sasa ana kazi ya kusema, "Ngoja, huyo ni nani, waelezeni watu." Na kupotea njia hakumaanishi kuja mikono mitupu. Tumewekeana sharti: usiitaje gemu ambayo hujaicheza ukaijua, na kama uliishia njiani, sema uliishia wapi na kwa nini. Mwenye chumba alisema aliishia wapi. Ona ilivyotupeleka mbali.

Usiku ule nilipokuwa nahariri alinipigia.

"Umeikata ile ya mzee?"

"Bado sijagusa. Unataka niitoe?"

Akakaa kimya kidogo. Nilisikia feni yake inazunguka.

"Ile ya kandambili iache."

Kipindi kilitoka na saa moja na dakika 52. Nilichokata ni dakika tatu, pale jirani alipogonga mlango kuazima chaja.