Tuichukue hii kutoka Ohio: chuo kuwa na watu wake

Nimekaa Columbus, Ohio, muda wa kutosha kulisema hili bila kupepesa macho: mji huu unaipenda timu yake ya chuo kuliko sisi tunavyozipenda Simba na Yanga. Najua ndugu zangu wa Msimbazi na Jangwani watanirukia. Lakini Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000 na hujaa siku ya watani wa jadi au mechi kubwa ya Afrika. Uwanja wa Ohio State, chuo kikuu cha hapa Columbus, una viti 102,780, na unafurika Jumamosi za kawaida tu, kuwatazama wanafunzi wakicheza futiboli ya Kimarekani.

Nazungumzia hasa msimu wa 2024, maana ndio ulionifungua macho. Oktoba walifungwa na chuo cha Oregon kwa pointi moja, 32 kwa 31, ugenini, na watu wakameza. Balaa lilikuwa chuo cha Michigan. Hao ndio watani wao, na wiki ya mechi hiyo utakuta herufi M kwenye vibao vya chuo zimebandikwa alama ya X kwa utepe mwekundu, jengo hadi jengo. Kocha Ryan Day alikuwa amepoteza kwa Michigan 2021, 2022 na 2023. Mwaka huo Michigan walikuja wakiwa hoi, wameshapoteza mechi tano, wakati Ohio State ni ya pili kwa ubora nchi nzima. Novemba 30, nyumbani kwao, mbele ya watu wao, Ohio State wakafungwa 13 kwa 10. Wageni wakajaribu kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikarushwa, polisi wakapuliza dawa ya pilipili.

Jumatatu yake, ghalani ninakofanya kazi, mama mmoja wa kitengo cha kufungasha mizigo hakuongea na mtu hadi mapumziko ya chakula. Mumewe alisoma chuo hicho, na watoto wao pia. Alipofungua mdomo alisema, "Afukuzwe tu."

Kocha Day hakufukuzwa. Nyumbani tunajua ingekuwaje: kikao cha dharura usiku, asubuhi taarifa kwa umma ya "kuachana kwa makubaliano ya pande mbili", na kocha wa muda kwenye benchi. Lakini nisiwapambe Wamarekani kwa uvumilivu ambao hawakuwa nao. Kelele za kumtaka aondoke zilikuwa kubwa mno. Kilichomwokoa Day ni kwamba mwaka huo ndio mtoano wa ubingwa ulipanuliwa kutoka timu 4 hadi 12. Kwa utaratibu wa zamani, msimu wao huenda ungeishia siku ile ya Michigan.

Basi wakapewa mlango, wakaingia nao. Desemba 21, usiku wa baridi kali palepale Columbus, waliikanda Tennessee 42 kwa 17. Siku ya mwaka mpya wakakutana tena na Oregon, ambao hawakuwa wamepoteza mchezo hata mmoja, wakawaongoza 34 kwa 0 kabla ya mapumziko, na mchezo ukaisha 41 kwa 21. Nusu fainali na Texas ndiyo ninayoikumbuka mpaka leo. Zimebaki dakika mbili na ushee, Texas wako mlangoni kabisa wanatafuta kusawazisha. Jack Sawyer, kijana wa Pickerington, mji mdogo hapa jirani, akampiga kumbo mrusha pasi wa Texas, mpira ukamtoka, akauokota mwenyewe na kukimbia nao yadi 83 hadi mwisho. Mtoto wa nyumbani! Mitaa ililia kwa honi. Januari 20, 2025, kule Atlanta, wakaifunga Notre Dame 34 kwa 23, wakatwaa ubingwa ambao hawakuwa wameugusa tangu msimu wa 2014. Yule mama wa ghalani alikuja kazini na keki.

Sasa niseme kinachonikera. Mimi nilichezea timu ya chuo Morogoro, beki wa kulia. Mechi ya robo fainali ya michezo ya vyuo tuliicheza saa nane mchana, mistari imechorwa kwa majivu, watazamaji ni wachezaji wa akiba na mama muuza mihogo. Kiungo wetu, fundi kweli, aliteguka goti siku ile. Chuo kilimpa panado na barua ya ruhusa. Tulichangishana bumu letu kumpeleka hospitali, na hakucheza tena. Wakati huohuo, chuo kizima kilikuwa kimejazana kantini kuangalia ligi ya Uingereza.

Watasema Marekani wana pesa, na ni kweli. Mkurugenzi wa michezo wa Ohio State alitaja hadharani kwamba wachezaji wa msimu ule waligharimu takriban dola milioni 20. Huko sitaki tufike. Kijana anahama chuo kila mwaka kufuata dau, na masomo yanabaki jina tu kwa baadhi yao. Will Howard mwenyewe, mrusha pasi aliyewapa kombe, alitokea Kansas State na kukaa msimu mmoja.

Ninachokionea wivu hakinunuliwi kwa milioni 20. Ni kwamba mtu aliyehitimu miaka ya sabini anarudi kila vuli kukaa na wajukuu jukwaani. Bendi ya chuo inatembea uwanjani hadi miili yao inaandika neno Ohio, kisha mpiga tarumbeta kubwa (sousaphone) mmoja anatoka kwa madaha kuweka nukta juu ya herufi i, na wazee wanafuta machozi. Chuo kwao hakiishi siku ya kukabidhiwa cheti. Sisi tukishapiga picha na joho, tumeachana nacho, tukirudi ni kufuata nakala ya matokeo.

Na watu tunao. Kundi letu la WhatsApp la waliohitimu lina walioko Dubai, Leicester, Dodoma na mimi huku. Tunachanga misiba na harusi bila kusukumana, na tunafanya vizuri. Kwa timu hatujawahi kutoa hata shilingi. Wiki iliyopita nimepeleka hoja: seti mbili za jezi, nyavu za magoli, na kifungu cha matibabu kwa mchezaji atakayeumia akikiwakilisha chuo chetu. Wawili wamenijibu kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Mweka hazina ameniambia nitafute bei Kariakoo, nilete kabla ya mwisho wa mwezi, na binamu yangu anakwenda dukani Jumamosi.