Mlango uleule, hukumu mbili

Binti yangu alipofika miaka 14 alianza kufunga mlango. Miaka yote tulizoea pazia tu. Sasa nikimwita anaitika "abee" hukohuko ndani. Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Nilishakata shauri kwamba ananidharau, au kuna jambo ananificha. Mama yangu, aliyekuja kututembelea, akasema tu, "Huyo amekua."

Mwaka 1984 wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza kwamba msongo hauletwi na tukio peke yake, bali pia na jinsi mtu anavyolipima: je, jambo hili linanitishia, na je, ninaliweza? Kwa mzazi wa kijana aliyebalehe, naona swali la pili ndilo linalotumaliza. Tumelelewa na methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, basi kila kosa la mtoto tunalisoma kama cheti chetu wenyewe. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora, lakini matokeo ya kidato cha nne yakitoka jirani bado anauliza, "Kijana kapata divisheni ngapi?" Anayejikunja tumbo ni mzazi.

Wapo wanaosema habari hizi za mtazamo ni maneno ya walioshiba, na siwapuuzi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, nauli na chakula vinataka fedha. Mama anayerudi sokoni saa mbili usiku na mtaji umekatika, ukimwambia abadilishe mtazamo unamwongezea mzigo: sasa hata uchovu wake ni kosa lake.

Hata hivyo, umaskini hauelezi kwa nini wenye nacho nao hawalali. Jaribio moja la Eastern Cape, Afrika Kusini, lililochapishwa mwaka 2018, lilihusisha familia 552. Wazazi na vijana walifundishwa kuzungumza bila kupigana, na pia kupanga matumizi ya nyumbani. Miezi kadhaa baadaye, msongo wa wazazi na viboko vilikuwa vimepungua. Mimi nalipa uzito hilo la kufundisha yote mawili, kwa sababu mfuko na moyo wa mzazi haviumii kwa zamu.

Siku hizi napiga hodi. Jana alifungua, akaniuliza kama nimekula.