Bili ya pili ya fundi

Gari lilikuwa Toyota IST ya rangi ya fedha, lilipanda ukingo wa mtaro siku ya mvua huko Tabata, Dar es Salaam, likaumia kona yake ya mbele kushoto. Bampa lilipasuka, taa moja ikafa, rimu ikajikunja. Fundi alilizunguka, akachungulia chini, akataja shilingi 350,000. Siku mbili baadaye mwenye gari, mama mtu mzima anayeuza vitenge, alikuwa amesimama uani mwa gereji na karatasi nyingine mkononi. Hii ilisoma 790,000.

"Fundi, mimi na wewe si tulikubaliana? Leo unanigeuka?"

"Sijakugeuka mama. Nimelifungua."

Nilikuwa pale kwa shughuli zangu, na kama wengi waliokuwepo nilianza kwa kumhurumia mama. Bili ya pili katika gereji zetu ina sifa mbaya, na sifa hiyo haikuzuka hewani. Kila mwenye gari ana kisa chake cha fundi aliyetaja bei ndogo ili gari liingie uani, kisha akaipandisha lilipokuwa juu ya mawe halina magurudumu. Lakini jibu la fundi yule, "nimelifungua", limebaki kichwani mwangu, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sisi wenye magari tunakataa kulisikia. Uharibifu wa suspensheni, yaani vyuma vinavyolishika gurudumu na kumeza mishindo ya barabara, hauonekani gari likiwa limefungwa. Anayeuona wote kwa kulizunguka mara moja anabahatisha, hata kama bei yake imetufurahisha.

Bodi iliyobonyea inajitangaza yenyewe, na mtoto mdogo atakuonyesha palipoumia. Suspensheni haiko hivyo. Tairi likigonga ukingo wa zege, kishindo hupita kwenye rimu, kikaingia kwenye habu, kile kitovu gurudumu linapofungwa, na beringi yake, kikafika kwenye nako, kile chuma kizito kinachobeba habu. Hapo kinagawanyika. Kiasi kinashuka kwenye wishiboni, ule mkono unaolishika gurudumu kwa chini, na bushi zake, zile raba za kwenye maungio. Kiasi kinapita kwenye tairodi, ile fimbo inayoligeuza gurudumu, hadi raki ya stelingi. Kingine kinapanda kwenye shokapu hadi kichwa chake ndani ya boneti, na kikibaki chochote kinaishia kwenye krosimemba, ile boriti ya chuma iliyo chini ya injini. Kila kiungo njiani kinaweza kumeza sehemu ya pigo na kupinda kidogo, milimita tatu hapa, milimita mbili pale. Hakuna hata kimoja kitakachoonekana kimevunjika.

Ndiyo maana kazi ya kweli inaanza baada ya kufungua. Fundi anayejua hulegeza nati ya juu ya shokapu na kuuzungusha mti wake, ile fimbo ya kati, huku akiliangalia tairi. Kichwa cha tairi kikiingia na kutoka, mti umepinda, hata kama shokapu haivuji tone la mafuta. Anatoa tairodi zote mbili na kukata usukani mwisho hadi mwisho. Raki ikikaza sehemu moja kisha ikaachia, imeumia kwa ndani. Wishiboni ya kushoto anailaza kando ya ya kulia, tundu kwa tundu, maana hizo mbili ni kama mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja. Anapima kwa utepe kutoka kati ya gurudumu la mbele hadi kati ya gurudumu la nyuma, upande huu na ule, kuona kama gurudumu lililogongwa limerudi nyuma. Nyingi ya kazi hizi zinahitaji gari liinuliwe na vyuma vifunguliwe. Hazifanyiki barabarani, mteja akiwa amesimama mlangoni anauliza, "Sasa jumla shilingi ngapi?"

Najua mtu atasema milimita tatu ni kitu gani kwenye gari la tani moja. Hesabu ninayopenda kumwonyesha ni hii. Chukua gurudumu lililopotoka kwa digrii 1 tu, halitazami mbele sawasawa. Kwenye tairi lenye kipenyo cha sentimita 60, digrii hiyo ni tofauti ya kama sentimita 1 kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma, na ukiwa umesimama mbele ya gari huenda usiione. Lakini kila gari linapokwenda kilomita 1, gurudumu lile linaburutwa pembeni mita 17. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Ukifika Morogoro, tairi lako limeburutwa juu ya lami zaidi ya kilomita 3, kwa ubavu. Linakunwa kama nazi kwenye mbuzi. Tuseme ukweli wote: ukishika usukani kidogo upande mmoja ili gari linyooke, upotofu hugawanyika kati ya magurudumu mawili ya mbele, kila moja likabeba nusu digrii. Bado kila tairi litakuwa limeburutwa zaidi ya kilomita 1 na nusu katika safari hiyo moja. Nenda na urudi, ongeza mizunguko ya mjini ya mwezi mzima, halafu jiulize kwa nini tairi jipya limetoa nyuzi upande wa ndani na upande wa nje bado lina meno.

Na tairi ndiyo hasara nyepesi. Boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshikisha wishiboni na nako, ikipigwa si lazima ikatike siku ya ajali. Inaweza kulegea ndani ya kikombe chake wiki baada ya wiki, hadi siku inachomoka. Gurudumu linalala, ekseli inachomoka, na gari linageuka upande ambao dereva hakuuchagua. Ikitokea gari likiingia gereji kwa mwendo wa kutembea, mshukuru Mungu. Ikitokea kwenye kona za mlima Kitonga, kule Iringa, sitaki hata kuandika.

Wapo wanaosema: basi funga vinavyoonekana, peleka gari alaimenti, kwenye mashine inayopima magurudumu yanavyokaa, mashine itasema. Ni hoja nzuri kwa nusu yake. Mashine inasema kwa aliye tayari kusoma karatasi yote ya vipimo inayoitoa. Shida ni kwamba kwa magari mengi madogo tunayoendesha, kipimo ambacho kiwanda kimekiwekea pa kurekebishia kwa mbele ni kile cha magurudumu kutazamana tu. Kemba, yaani kulala kwa gurudumu ndani au nje, na kasta, yaani mhimili wa usukani kuegemea nyuma, havina pa kurekebishia. Fundi wa alaimenti atazungusha tairodi mpaka usukani ukae katikati, akupe gari linalonyooka, na chuma kilichopinda kitabaki kimepinda. Wengine huweka bolti nyembamba kwenye shokapu ili kemba irudi kwenye kipimo, namba ikapendeza kwenye karatasi na ugonjwa ukafunikwa.

Kwa anayetaka kujua, karatasi hiyo inaweza kutoa ushahidi mzito. Mashine nzuri husoma pia mwinamo wa mhimili ambao gurudumu huuzungukia likikata kona. Mwinamo huo ukijumlishwa na kemba, jumla inatakiwa ilingane kulia na kushoto. Kemba ikiwa imeharibika, mwinamo haujabadilika lakini jumla imebadilika, basi nako au shokapu imepinda. Kemba na mwinamo vyote vikiwa vimepotoka lakini jumla ni ileile, mtafute mkosaji kwingine: wishiboni, krosimemba, au pale kwenye bodi kichwa cha shokapu kinaposhikwa. Bili ya pili inayokuja na karatasi ya namna hii haihitaji kiapo.

Kuna njia ya tatu ambayo kila mara hujitokeza uani, na siku ile ilijitokeza pia. Kijana mmoja alimnong'oneza mama kwamba wishiboni si ya kutupa, inapelekwa kwenye moto inanyooshwa kwa elfu ishirini. Simlaumu kijana. Amekua akiona chuma kinanyooshwa na gari linatembea. Kunyoosha kuna mahali pake: bampa la chuma, kifuniko, hata rimu ya chuma iliyobonyea ukingo kwa fundi mwenye mashine. Kwenye vyuma vya suspensheni, vitabu vya watengenezaji magari kwa kawaida husema badilisha, na sababu yake si biashara peke yake. Chuma kilichopinda kimevutwa upande mmoja na kukandamizwa upande wa pili, na ukikirudisha kikiwa baridi unakichosha mara ya pili mahali palepale. Ufa unaanzia hapo, mwembamba kuliko unywele, chini ya rangi na tope. Ukikipasha moto, nguvu iliyowekwa kiwandani kwa kupasha na kupoza inaweza kuondoka, na kipande kikapinda kirahisi kwenye shimo linalofuata. Cha aluminiamu ni hatari zaidi, kwa sababu hakiwi chekundu kukuonya. Kinaonekana vilevile mpaka kinayeyuka.

Sasa upande wa mama, na sitaki kuupitisha haraka kana kwamba hauna uzito. Malalamiko yake makubwa si bei. Ni kwamba bei ya pili ilikuja akiwa hana tena nafasi ya kukataa. Gari limefunguliwa, vyuma viko kwenye beseni la mafuta, kulihamisha ni kukodi breki dauni. Makubaliano ambayo upande mmoja hauwezi kuondoka si makubaliano. Hapo mama ana haki yote, na fundi anayesema "ndivyo kazi ilivyo" bila kumwachia mlango wa kutokea anastahili kushukiwa.

Kuna pia cha juu. Mafundi wengi huenda dukani wao wenyewe, Kariakoo au Ilala, na bei inayorudi uani siyo iliyolipwa kaunta. Kadiri orodha ya spea inavyorefuka, ndivyo cha juu kinavyonona. Dawa yake ni nyepesi: mteja aende dukani mwenyewe au amtume mtu wake, na fundi alipwe ufundi wake waziwazi. Fundi anayekataa hilo ameshajieleza.

Pale mama aliposhikilia sana ni kwenye shokapu. Iliyoumia ni moja, kwa nini bili inasema mbili? Jibu la fundi ni kwamba shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hazizuii springi kwa nguvu sawa, na gari litayumba likifunga breki kwenye matuta. Ni jibu sahihi. Ila kama shokapu ya kulia ni nzima na mfuko hauruhusu, sioni dhambi kutafuta moja ya mtumba kutoka Japani iliyo katika hali inayolingana na ya kulia. Mtumba wa kipande halisi cha kiwanda mara nyingi naupenda kuliko mpya wa bei chee usiojulikana ulikotoka, kwa sharti moja: nao upimwe kabla ya kufungwa. Wishiboni ya mtumba imetoka kwenye gari fulani, na huenda gari hilo nalo lilivunjwavunjwa kwa sababu liligonga.

Ninakotofautiana na wanaomlaani fundi ni kwenye chanzo. Bili ya pili tumeizaa sisi. Katika gereji zetu kuangalia ni bure. Mteja anapita kwa mafundi watatu, kila mmoja anachungulia dakika tano, anataja namba, na mwenye namba ndogo anapata kazi. Fundi anayesema "nilipe elfu hamsini nifungue, nipime, ndipo nikwambie bei" anaonekana mlafi, na gari linakwenda kwa jirani. Soko la namna hii linamwadhibu mkweli siku ya kwanza na kumzawadia anayebahatisha. Siku ya tatu, ukweli wa chuma unapodai haki yake, tunaita wizi.

Wenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, hawaponi pia. Mkadiriaji wa kampuni anapiga picha gari likiwa limefungwa, anaidhinisha bampa, taa na rimu. Gereji ikifungua na kukuta nako imepinda, inaomba nyongeza, na nyongeza inasomwa kwa jicho la shaka. Gari linalala uani likisubiri saini. Gereji iliyochoka kusubiri inashawishika kufunga kilichoidhinishwa na kunyamaza kuhusu kilichobaki. Mkadiriaji angekuja mara mbili, mara ya pili gari likiwa juu na gurudumu limetoka, mvutano mwingi ungeisha palepale. Wenye bima ndogo, ile inayolipia hasara ya mwingine tu, ambao ndio nawaona wengi uani, ajali ikiwa kosa lao hawana hata huyo wa kubishana naye. Wanabaki wao na fundi.

Mabishano ya Tabata yalichukua karibu saa nzima. Mwishowe fundi alimwita mama karibu, akaweka wishiboni mbili juu ya kipande cha mbao. Akapitisha bolti kwenye matundu ya ile ya kulia, kisha akageuza ya kushoto na kujaribu kuilaza juu yake. Bolti ya mbele iliingia. Ya nyuma iligonga ukingo wa tundu na kukataa, kwa upana wa kama kidole kidogo.

"Mama, ukitaka nilifunge kama ulivyolileta, nalifunga sasa hivi, sikudai hata senti ya kulifungua. Uondoke nalo. Ila siliandikii kwamba liko sawa."

Mama aliijaribu bolti mwenyewe, mara mbili. Akauliza wishiboni ya mtumba Ilala inauzwaje, akaandika namba ya kipande kwenye simu yake, na kusema kesho asubuhi atakwenda dukani na mwanawe. Shokapu ya pili waliiacha ibishaniwe siku nyingine. Kisha akaomba ile iliyopinda iwekwe kwenye buti, asije akarudishiwa ileile ikiwa imepakwa rangi. Fundi akaifunga kwenye gazeti bila kusema neno.