Mito Imekufa, Hedifoni Hazina Kosa

Siku tatu mfululizo tuligombana barazani, hapa Mkomani, Lamu, juu ya hedifoni mbili za Sennheiser. HD 600 ni yangu; niliinunua ikiwa imeshatumika, ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti juu ya mikungu ya ndizi. HD 650 ni ya rafiki yangu baharia, aliyerudi nayo kutoka melini ikiwa imeviringishwa ndani ya kikoi. Ya kwanza ilianza kuuzwa 1997, ya pili 2003, na tangu hapo wapenda hedifoni duniani hawajamaliza kubishana ipi zaidi. Sisi tungewezaje kumaliza kwa siku tatu? Baharia alisema yangu ni kavu, haina nyama. Mimi nikamwambia yake inamfanya mwimbaji asikike kama amejiziba leso mdomoni.

Aliyetunyamazisha ni binti wa kaka yangu, ambaye huhariri video za harusi na ana hedifoni yake ya kazi, Sony. Alizishika zote mbili, akabonyeza mito, ile laini inayokaa masikioni, kwa kidole gumba kama mtu anayechagua embe, akacheka. "Ami, mito ya hii imekufa. Mnabishana na maiti."

Mito ya HD 650 ilikuwa imelala bapa kama chapati. Bahati nzuri mito ya hedifoni hizo mbili ina umbo moja, inatoka na kuingia bila skrubu. Akabadilisha: ya baharia ikavaa mito yangu mipya, yangu ikavaa ile mizee. Tukasikiliza tena. Baharia akaivua HD 650 yake, akaitazama, akasema hii sasa imekuwa kavu.

Tangu usiku huo nina msimamo ambao umenipotezea marafiki wawili watatu wa kubishana nao. Ubishi mwingi tunaofanya juu ya hedifoni zetu unahusu mito iliyochakaa na sauti ambazo ukubwa wake haulingani. Hedifoni yenyewe imekaa pembeni inatushangaa. Mtu anauza alichonacho, anakopa, ananunua kingine chenye mito mipya, anasikia tofauti kubwa, anasifu kiwanda. Angebadilisha mito tu.

Sababu haina uchawi. Mto ndio unaopima umbali kati ya kispika na sikio, na ndio unaoamua hewa ivuje wapi. Ukinywea, kispika kinasogea, chumba kidogo cha hewa kinachozunguka sikio kinapungua, na mlingano wote wa sauti unabadilika. Kwa hedifoni iliyozibwa nyuma hali ni mbaya zaidi, maana ufa mdogo tu kati ya mto na ngozi unatosha kuifukuza besi.

Na sisi wa pwani tuna msiba wetu wa ziada. Mito mingi hufunikwa ngozi ya bandia, na ngozi hiyo ya poliyurethani huvunjwavunjwa polepole na unyevu na joto mpaka inaanza kubanduka. Sasa niambie, Lamu tuna nini kingine zaidi ya unyevu na joto? Sony MDR-7506, iliyoingia sokoni 1991 na ambayo utaikuta karibu kila studio, inajulikana kwa kumwaga magamba meusi masikioni mwa watu hata huko kwenye baridi. Hapa ya binti yetu ilianza kumwaga kabla ya kusi kuisha. Bibi harusi mmoja alimwuliza kama ana ugonjwa wa ngozi. Pini ya waya nayo ikishinda juu ya meza iliyo karibu na dirisha la baharini huota kutu ya kijani, ukiizungusha inakwaruza, na mwenyewe anaanza kusema kispika kimekufa. Ifute kwa spiriti kwanza, bwana.

Dawa ya magamba tuliipata Langoni, kwa mama mmoja anayeshona kofia za mkono. Yule aliyezoea kuzungushia uzi vitundu vidogo vya kofia miezi na miezi, mto wa hedifoni kwake ni mchezo wa mchana mmoja. Tulimpa mto mzee kama kipimo, akakata kitambaa cha pamba, akakizungushia sponji na kukaza kwa nyuma. Alitaka kujua mtu gani ana masikio makubwa hivi. Joto likapungua, jasho likanywewa. Lakini sauti ilibadilika, na lazima niseme ukweli huu kwa sababu wanaosifu mito ya kitambaa huuruka: kitambaa kinapitisha hewa, besi ya Sony ikapungua. Mama akaongeza utepe wa ngozi halisi kwa ndani na kwa nje, akaacha kitambaa pale panapogusa shavu tu. Besi ikarudi, si yote.

Hapo hapo tukagundua jambo ambalo sijaona likipewa uzito. Binti huyu huvaa mtandio, na kazini alikuwa akiivaa Sony juu ya mtandio. Kitambaa kinaingia kati ya mto na kichwa, hewa inavuja, besi inatoroka. Kwa miaka miwili alikuwa akiongeza besi kwenye video za watu ili kufidia, na wenye harusi wakilalamika kuwa ngoma inatikisa vikombe kabatini. Vichwa vya bandia vinavyotumika kupimia hedifoni havina mtandio, havina miwani kama yangu, wala havitoki jasho. Siku hizi akiwa nyumbani huvaa hedifoni kwanza, mtandio juu yake. Akiwa ukumbini hutumia ya wazi, isiyozibwa nyuma, maana haitegemei sana kuziba, ingawa hapo kila aliye karibu anasikia anachokisikia yeye.

Nije kwenye ukubwa wa sauti, ambako ndiko tunakodanganyana zaidi. Sony ile ina ukinzani, yaani jinsi inavyouzuia umeme, wa omu 63. HD 600 ina omu 300. Zichomeke kwa zamu kwenye simu moja, alama ileile: Sony inapaza, Sennheiser inanong'ona. Sikio nalo lina udhaifu wake, kinachosikika kwa nguvu kidogo zaidi hulionekea bora. Isitoshe, watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linakuwa zito zaidi kwa besi kuliko kwa sauti za kati. Kwa hiyo anayeichomeka HD 600 kwenye simu, akaisikiliza dakika mbili na kutangaza kwamba haina besi, huenda hajaisikia bado. Mpe amplifaya ndogo, halafu azungumze.

Sisi tunalinganisha kwa ubao. Kipande cha mbao chenye tundu dogo, maikrofoni ya simu inakaa nyuma ya tundu, hedifoni inabanwa kwa mbele, tunapiga ile sauti ya "shhh" kama mvua juu ya makuti, tunapandisha na kushusha mpaka namba zikaribiane. Maabara si maabara, na watu wa vipimo watatucheka. Lakini siku ya kwanza tulipofanya hivyo, hedifoni moja ya bei ya kutisha iliyokuja na mgeni kutoka Dubai ilishuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu, na mwenyewe akaomba ubao ukaguliwe.

Sasa kuchokonoa. Msidhani napinga kufungua vitu. Mchezo huu wote ulizaliwa na watu wasiotosheka na walichopewa. Nathaniel Baldwin alizitengeneza hedifoni zake jikoni kwake Utah, akazipeleka kwa jeshi la majini la Marekani mwaka 1910. Karne moja baadaye Dan Clark, Mmarekani mwingine, alianza kwa kuifungua Fostex T50RP ya Wajapani na kuirekebisha, akaishia kuunda hedifoni zake mwenyewe. T50RP inapendwa na wachokonozi kwa sababu inafunguka kwa skrubu za kawaida, na ndani yake pana nafasi: unaweka pamba, unabandika udongo wa kunata kwenye plastiki ili usitetemeke, unafunika matundu kwa tepu, unasikiliza, unatoa, unaweka nusu.

Unatoa. Neno hilo ndilo ninalolipigania. Pamba inatoka, tepu inabanduka, mto unarudi. Tundu halirudi.

Nayasema haya kwa sababu niliua hedifoni ya Koss Porta Pro. Umbo lake halijabadilika sana tangu 1984, ni nyepesi, inakunjika ikaingia mfukoni mwa kanzu, na sauti yake inaaibisha vitu vya bei mara kumi. Mbele ya kispika pana plastiki yenye nafasi za kupitishia sauti, na wako watu huongeza vitundu hapo ili sauti ifunguke. Nami nikataka ifunguke. Saa tano usiku nikapasha sindano kwenye mshumaa, upande wa kushoto nikatoboa vizuri kabisa, nikajisifu. Upande wa kulia mkono ukateleza. Utando wa kispika ni mwembamba kuliko karatasi ya sambusa. Asubuhi nilipiga kasida, upande wa kulia ukakoroma kama punda mwenye mafua.

Ubaya ni kwamba hata upande wa kushoto, uliofanikiwa, siwezi kusema ulikuwa bora. Sikuwa na ya pili isiyotobolewa ya kulinganishia. Ulikuwa tofauti, na mimi niliyehangaika na mshumaa nilikuwa na kila sababu ya kuiita tofauti hiyo maendeleo. Siku hizi tukibadilisha kitu tunabadilisha upande mmoja tu kwanza, au tunamfumba mtu macho asijue anachovishwa. Inauma. Baharia alishawahi kusifu "mabadiliko" ya pamba ambayo sikuwa nimeiweka.

Juu ya waya za fedha, zinazosifiwa eti huboresha sauti, sitapoteza muda. Waya ulioota kutu ubadilishe. Mzima uache.

Kuna swali tunaloulizwa: tunapima kwa muziki gani? Wapenda hedifoni wengi hutumia jazi iliyorekodiwa kwa ustadi mkubwa. Mimi natumia udi wa mwanamuziki Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa Lamu, kwenye kaseti nilizohamishia simu. Mvumo wa kaseti upo, na HD 600 inakuonyesha mvumo wote bila haya. Lakini risha, ile ya kupigia udi, inapogusa uzi najua inavyopaswa kusikika, kwa sababu nimekaa hatua tatu kutoka kwa wapiga udi. Tari nalijua pia. Kila mtoto aliyekulia hapa amesimama nje ya msikiti wa Riyadha wakati wa Maulidi, ngozi ya tari ikimpiga kifuani kabla ya sikioni. Hedifoni inayonipa tari lenye mshindo mzito kuliko lile naijua kuwa inaongeza chumvi, hata kama grafu ya vipimo vyake imenyooka. Jazi nzuri ya studio nisiyowahi kuingia ingenidanganya kwa urahisi.

Jambo lililo mezani hivi sasa ni vikombe, yale maganda ya nje ya hedifoni. Mchongaji mmoja wa milango, jirani yetu, ameishika T50RP ya rafiki yetu mwingine, akaigongagonga kwa kucha na kusema plastiki hii ni aibu. Anataka kuchonga vikombe vya mbao, na ameshachora maua ya kuzunguka ukingo. Mbao inaweza kweli kubadilisha sauti, kwa ujazo wa ndani na kwa jinsi inavyotetemeka. Nimepinga, kisha nimekubali kwa sharti kwamba vikombe vifuate matundu ya skrubu yaliyopo na vile vya plastiki viwekwe ndani ya kidaka cha sebuleni kwangu, vikiwa vimefungwa kitambaa. Mchongaji amekubali, ila ana mlango wa mtu wa kumaliza kwanza, na mwenye mlango anampigia simu kila siku baada ya alasiri.