Colorado 2023: nyota iliyoonekana asubuhi

Mechi ya mpira wa Kimarekani kati ya vyuo vikuu vya Colorado na Colorado State, Septemba 2023, ilianza saa nne usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Aliyekatisha usingizi kuitazama alilipwa. Zimebaki dakika mbili na ushei, Colorado iko nyuma 28-20, mpira uko yadi 2 tu kutoka mstari wake wa mwisho, na Shedeur Sanders, mrusha pasi wake, anaupeleka yadi 98 hadi upande wa pili. Pasi ya kumalizia, ya yadi 45, inamkuta mpokeaji Jimmy Horn na kuleta alama sita. Zinaongezwa alama mbili za kusawazisha, wanakwenda muda wa ziada mara mbili, na mambo yanaisha 43-35. Colorado imecheza tatu, imeshinda tatu.

Msimu wa kabla yake chuo hichohicho kilicheza mechi 12 kikashinda moja.

Ndiyo maana wiki zile tatu za ushindi ziliigawa Marekani: kuna walioamini kwamba timu imejengwa upya, na kuna waliopinga. Kocha Deion Sanders, baba yake Shedeur, alifika Boulder, mji wa chuo cha Colorado, Desemba 2022 akitokea chuo cha Jackson State. Siku ya kwanza tu aliwaambia wachezaji aliowakuta kwamba wanaotaka kuondoka waanze kujiandaa, kwa kuwa yeye anakuja na mizigo yake, tena mizigo ya Louis Vuitton, ile ya bei mbaya; yaani anakuja na wachezaji wake mwenyewe. Hakuwa akitania. Tangu 2021 mchezaji wa chuo aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu ya kukaa nje msimu mzima, na Sanders aliitumia ruhusa hiyo kuliko kocha yeyote kabla yake. Kikosi kilichoanza msimu kilikuwa na sura mpya zaidi ya 80. Pat Narduzzi, kocha wa Pittsburgh, alisema hadharani kwamba sheria ya uhamisho haikutungwa kwa ajili ya fagio la namna hiyo.

Kisha mechi ya kwanza ikachezwa ugenini kwa TCU, chuo cha Texas Christian, timu iliyokuwa imefika fainali ya taifa Januari mwaka uleule. Colorado ikashinda 45-42. Shedeur alirusha pasi zilizozaa yadi 510. Travis Hunter alicheza kushambulia na kuzuia karibu mechi nzima kwenye joto la Texas, akadaka pasi 11 na kunyang'anya moja ya adui. Wiki iliyofuata Nebraska ililala 36-14. Mashabiki wakasema nyota njema huonekana asubuhi, na kocha akawa anawauliza waandishi wa habari kama sasa wanaamini.

Hoja ya walioamini ilikuwa na uzito. Misimu ya vyuo ina mechi 12 tu za kawaida, kwa hiyo ushindi mmoja wa Septemba ni sehemu kubwa ya mwaka mzima. Ligi yenye mechi 30 na zaidi inakupa nafasi ya kujirekebisha, huku hakuna. Halafu ushindi dhidi ya TCU haukuwa wa kubahatisha: timu iliyobahatisha hairushi yadi 510. Na hata kama yote yangeishia hapo, tiketi za uwanja wa Folsom zilikwisha msimu mzima, katika chuo ambacho mwaka mmoja nyuma kilikuwa kichekesho.

Waliopinga walitazama mahali pengine, na naona walitazama vizuri zaidi. Wao waliwaangalia wale mapande ya watu wa mstari wa mbele, wenye kilo 140 na kuendelea, ambao kazi yao ni kumlinda mrusha pasi. Wachezaji wa aina hiyo hawakusanywi kwa msimu mmoja wa usajili. Wazuri wameshafugwa na kunenepeshwa miaka mitatu na vyuo vyao, na vyuo hivyo haviwaachii. Shedeur alikuwa akiangushwa hovyo kabla hajaachia mpira tangu mechi za mwanzo, hata zile alizoshinda, ila anayetazama ubao wa matokeo haoni hilo. Wiki ya nne Oregon waliona. Hadi mapumziko ilikuwa 35-0, mwisho 42-6, na Shedeur aliangushwa mara 7. Kabla ya mechi, Dan Lanning wa Oregon aliwaambia vijana wake kwamba wapinzani wao wanapigania kutazamwa mitandaoni. Maneno ya kebehi, sawa, lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na la kumjibu.

Lazima niseme kwa haki: Hunter hakuwepo. Aliumizwa ini katika mechi ya Colorado State kwa pigo lililochelewa, akakosa mechi tatu. Lakini aliporudi dhidi ya Stanford, Oktoba, Colorado iliongoza 29-0 hadi mapumziko na ikapoteza 46-43. Mpokeaji wa Stanford, Elic Ayomanor, alivuna yadi 294 peke yake, baadhi akiwa amekabwa na Hunter mwenyewe, ambaye mwili haukuwa umerudi sawasawa.

Msimu uliisha kwa ushindi 4 na vipigo 8. Shedeur aliangushwa mara 52, na mechi ya mwisho hakucheza kwa sababu ya mgongo. Ukirudi sasa kuzikagua zile timu tatu za mwanzo, TCU, Nebraska na Colorado State, zote zilimaliza na ushindi 5 na vipigo 7. Zote tatu! Tulidhani tunapima urefu wa Colorado, kumbe fimbo yenyewe ya kupimia ilikuwa fupi.

Wanaomtetea Sanders husema kutoka ushindi mmoja hadi minne ni kupanda, na kwamba vipigo vitano kati ya vile vinane vilikuwa vya tofauti ya alama 7 au chini yake. Ni kweli, na mimi sibishani na hilo. Ninachobishana nacho ni kudai kwamba Septemba ilionyesha timu imejengwa. Ilionyesha wachezaji wawili. Mrusha pasi mwenye damu baridi na kijana anayecheza pande zote mbili wanaweza kukushindia mechi tatu, hasa kama wapinzani hawajakusoma bado.

Mwaka uliofuata Septemba ilidanganya kwa upande mwingine. Nebraska iliipiga Colorado 28-10 wiki ya pili, wachambuzi wakaandika tanzia, na timu ikaishia na ushindi 9 na vipigo 4. Hunter akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, Desemba 2024. Shedeur na yeye wakaenda ligi ya kulipwa. Msimu wa 2025, kocha yuleyule na njia ileile ya usajili, Colorado ilishinda mechi 3 kati ya 12.